Pombe na Sigara: Je, Ziachwe Siku Moja?

Wale mliohudhuria mjadala wa Chama cha Kiswahili muhula wa kwanza mnaikumbuka hoja yenyewe: "Mraibu wa pombe na sigara aache zote mbili siku moja." Ndimi niliyekuwa msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Wapinzani wetu walitutolea methali, "Mshika mbili moja humponyoka." Nami nikawajibu kwamba nyoka wawili wakiingia nyumbani, hakuna mwenye akili timamu atakayemuua mmoja na kumtandikia mwenziwe mkeka. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hata waalimu walicheka. Tukashinda.

Tangu siku hiyo makofi yale yananisuta. Kuna jambo nililolijua ambalo sikulisema. Nililificha kwa sababu lingetuangusha, na pia kwa sababu ni jambo la nyumbani kwetu. Sasa mwenye jambo lenyewe, yaani mjomba wangu, amenipa ruhusa. Aliniambia, "Andika, mpwa wangu. Labda kuna mwanafunzi ambaye baba yake yuko pale nilipokuwa mimi." Basi nimeishika kalamu.

Mjomba ni fundi wa ujenzi, na mikono yake inajulikana mtaani. Alikuwa akinywa chang'aa kwa mama pima kila siku. Hata Jumapili? Hata Jumapili. Asubuhi kabla ya chai ilimbidi kupata kidogo cha "kutoa loki", la sivyo vidole vilitetemeka hata asiweze kushika mwiko. Sigara nazo zilifuatana mdomoni mwake kama siafu njiani. Mwisho wa mwaka juzi, tarehe 31 Desemba, alikunywa mara ya mwisho yapata saa kumi na moja jioni. Usiku akaandamana na nyanya kwenye mkesha wa mwaka mpya. Huko kanisani alisimama mbele ya watu wote, akatupa pakiti yake chini na kusema kuwa amekata shauri: pombe basi, sigara basi. Nyanya alilia kwa furaha. Mimi pia nilipiga makofi.

Tarehe 1 Januari alishinda kitandani akitoka jasho na kutetemeka. Chakula kilimshinda. Tulisema, "Ni sigara hizo zinamtoka, atazoea." Mama alimpikia uji, nyanya akamwombea. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshuku kuwa kuna hatari. Kumbe mauti yalikuwa yanabisha hodi! Mnamo saa kumi alfajiri ya tarehe 2 tulisikia kishindo. Tulimkuta mjomba sakafuni, macho yamegeuka, mwili mzima unarukaruka na povu linamtoka kinywani. Hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake. Jirani mmoja alisema amerogwa na walevi wenzake waliochukia kuachwa. Mwingine akasema tumpe soda. Mama hakuwasikiliza. Alimwita kijana wa teksi, tukampeleka hospitalini.

Swali la kwanza la tabibu halikuwa juu ya sigara wala uchawi. Aliuliza, "Alikunywa mara ya mwisho lini?" Mama alimjibu kwa fahari kidogo, "Ameacha tangu juzi." Tabibu akatikisa kichwa. Alisema, "Hapo ndipo shida ilipo." Usiku wa tatu, akiwa wodini, mjomba aliona siafu ukutani. Aliwafagia kwa viganja na kupiga mayowe, na ukuta ulikuwa mweupe pe! Alikaa siku 8 hospitalini.

Hebu niwaeleze kama tulivyoelezwa sisi. Pombe huupunguza mwendo ubongo. Mtu anapokunywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujizatiti ili usilale kabisa. Ni kama matatu ambayo dereva amekanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Mradi breki ipo, gari huenda kwa mwendo wa kawaida. Iondoe breki ghafla, gari litafyatuka. Ndiyo maana mnywaji wa kupindukia akikatiza ghafla huanza kutetemeka baada ya saa 6 au zaidi. Kifafa, ikiwa kitakuja, aghalabu huja katika siku mbili za kwanza. Baina ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, akapata homa, moyo ukaenda mbio na akaona vitu visivyokuwapo. Hali hii ya mwisho huua watu wasipotibiwa. Hospitalini hupewa dawa za kuutuliza ubongo, ambazo hupunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi wengi huwa wamepungukiwa nayo.

Sigara si hivyo. Mtu anayeacha sigara ghafla hukasirika ovyo, hukosa usingizi, hutamani kula kila saa na akili yake haitulii. Siku tatu za mwanzo ndizo kali zaidi, kisha mambo hupungua kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Ni taabu, lakini haimwangushi mtu chini na kumtoa roho. Kwa hiyo sisi tuliomwambia mjomba "ni sigara hizo" tulikuwa tumemlaumu mwizi mdogo, hali jambazi yuko chumbani.

Hili ndilo nililolificha siku ya mjadala. Nilijua kwamba mtu mmoja wa nyumba yetu alitii hoja yangu neno kwa neno, nusura tumzike.

Je, hii ina maana kuwa wapinzani wetu walikuwa na haki? La hasha! Subirini, kwani hadithi haikuishia hapo.

Mjomba alipotoka hospitalini, pombe alikuwa ameiacha. Sigara alirudia siku ile ile aliyotoka. Tulipomtazama alisema, "Niachieni hii moja tu." Nani angemkatalia mgonjwa? Nyanya alisema bora moshi kuliko chupa. Mama, ambaye hajawahi kuvuta maishani mwake, alikuwa akimnunulia yeye mwenyewe! Kila mtu alisema sigara ataziacha "baadaye". Nami nawauliza, baadaye ni tarehe ngapi? Haimo kwenye kalenda yoyote niijuayo.

Alikaa miezi sita bila pombe, akivuta maradufu. Sasa angalieni mambo. Kibanda kinachouza sigara mtaani kwetu kiko hatua chache tu kutoka kwa mama pima. Wateja wa huku ndio wa kule. Mvutaji asiye na kiberiti huomba moto kwa mwenzake, wakasalimiana, wakaketi, hadithi zikanoga. Isitoshe, kwa miaka mingi mkono wake wa kulia ulishika sigara na wa kushoto kikombe, kwa hiyo kimoja kikija ubongo huuliza mwenzake yuko wapi. Mwezi wa Julai mwaka jana mjomba alienda kununua sigara saa mbili usiku. Alirudi saa saba akiimba. Sigara tuliyomwachia kama zawadi ilimshika mkono ikamrudisha alikotoka.

Tena hata asingerudi kwenye pombe, moshi wenyewe ungebaki kuwa adui. Mnamo 1935 kule Marekani, Bill Wilson pamoja na daktari mmoja walianzisha chama cha kuwasaidia walevi kiitwacho Alcoholics Anonymous, ambacho siku hizi kina mikutano hata hapa Kenya. Wilson alikunywa pombe mara ya mwisho Desemba 1934, na hakurudi nyuma mpaka kufa kwake. Lakini alikuwa mvutaji mkubwa kwa miaka mingi. Alifariki Januari 1971 kwa ugonjwa wa mapafu. Yeye aliyeokoa maelfu kutokana na chupa alimalizwa na moshi! Wala si yeye pekee. Mwaka 1996 watafiti wa hospitali ya Mayo huko Minnesota walichapisha habari za watu waliowahi kutibiwa ulevi. Kati ya wale waliokuwa wamekwisha kufariki, zaidi ya nusu walikufa kwa maradhi yanayohusiana na tumbaku, na karibu thuluthi moja kwa yale yanayohusiana na pombe. Aidha, pombe na moshi zikikutana katika koo moja, hatari ya saratani ya kinywa, koo na umio huzidi ile ya kila moja peke yake. Saratani ya umio ni mojawapo ya zile zinazoua Wakenya wengi.

Kwa hivyo nyoka ni wawili kweli, na wote wana sumu. Swali ni namna ya kuwaua bila wao kutuua.

Nilimwomba mwalimu wetu wa Biolojia anisaidie kutafuta wataalamu wanasema nini. Nilidhani nitapata jibu moja. Nilipata mawili, tena ya mwaka mmoja! Mnamo 2004 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 19 yaliyofanywa kwa watu waliokuwa wakitibiwa uraibu wa pombe au dawa za kulevya. Waligundua kuwa wale waliosaidiwa pia kuacha sigara walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 25, ya kuendelea bila pombe na dawa hizo kwa muda mrefu. Ningalikuwa na habari hii siku ya mjadala ningaliipigia ngoma!

Lakini mwaka huo huo wa 2004 yakachapishwa matokeo ya jaribio jingine kutoka jimbo la Minnesota. Watu 499 waliokuwa kwenye matibabu ya ulevi waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilisaidiwa kuacha sigara papo hapo, la pili likangoja miezi sita. Mwishowe idadi ya walioacha sigara haikutofautiana sana. Ila katika pombe, wale waliongojeshwa walifanya vizuri zaidi. Habari hii nayo wapinzani wetu wangalituzika nayo.

Nilikaa na karatasi zile mbili siku nyingi. Hatimaye niliona kuwa hazigombani sana kama nilivyodhani. Zote mbili zilihusu watu waliokuwa mikononi mwa waganga. Hakuna iliyosema mtu atupe pakiti na chupa usiku mmoja kisha ajifungie chumbani. Tena hakuna iliyosema sigara isamehewe milele. Hata wale waliongojeshwa waliambiwa ni miezi sita. Walikuwa na tarehe! Mjomba wetu yeye alipewa "baadaye", na kati ya tarehe na baadaye mna shimo ambalo mtu anaweza kutumbukia.

Huu basi ndio msimamo wangu mpya, na niko tayari kuutetea mbele ya yeyote: pombe na sigara ziachwe zote mbili, lakini si lazima ziachwe siku moja. La lazima ni kwamba siku ya kuacha ya kwanza ikishapangwa, ya pili nayo iandikwe.

Kwanza, kuna mtu anayekunywa kila siku, ambaye mikono humtetemeka asubuhi mpaka atoe loki, au aliyewahi kuanguka kifafa alipokosa pombe. Huyu asijaribu kuacha peke yake nyumbani, hata awe na imani ya kuhamisha milima. Aende hospitalini kwanza, tena aseme ukweli kuhusu kiasi anachokunywa. Pombe ndiyo itangulie kwa sababu ndiyo inayoweza kumuua kwa kuachwa vibaya. Akiwa huko huko wodini amwulize daktari kuhusu sigara. Ikiwa atajiona ana nguvu za kuziacha pamoja chini ya ulinzi huo, heri. Ikiwa hana, basi aandike tarehe kabla hajatoka.

Pili, kuna mtu anayekunywa mwisho wa wiki na kuvuta anapokunywa tu. Mikono yake haitetemeki na asubuhi anakunywa chai kama sisi. Huyu sioni sababu ya kumtenganishia. Kwake pombe na sigara ni chanda na pete, na akiacha moja ile nyingine itamwita. Aziache pamoja, na abadilishe njia ya kwenda nyumbani.

Tatu, sisi wanafunzi. Msijifanye hamnijui ninachosema. Sote twajua kuna wenzetu wanaovutia nyuma ya choo mapumziko ya saa nne, kisha wanatafuna majani ya mpera ili mwalimu asinuse. Na siku ya michezo kuna chupa za soda ambazo hazina soda. Sisi wa shule ya kutwa tunapita mbele ya vibanda asubuhi na jioni. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia sigara mtu asiyetimiza miaka 18. Inakataza pia kuuza sigara moja moja. Hata hivyo, sigara moja moja ndiyo inayouzwa, na muuzaji haulizi umri, anatazama sarafu tu. Ndugu zangu, wengi wetu tulioonja tumeonja juzi. Bado hatuna mtetemeko wa kutuzuia. Samaki mkunje angali mbichi. Tuache zote leo. Lakini kama kuna mwenzetu ambaye tayari hawezi kuamka bila kunywa, simcheki wala simwambii aache leo usiku. Namwambia amwone mwalimu wa ushauri nasaha kesho asubuhi, waende pamoja kwa daktari.

Kuna watakaosema, "Wewe mtoto, unawapa walevi kisingizio. Mlevi akiambiwa pole pole atasema pole pole mpaka kaburini." Wana haki ya kuogopa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ndiyo kwa maana nasema tarehe iandikwe ukutani, mahali ambapo mke, watoto na mpwa mwenye mdomo mrefu wataiona. Mtu akiivunja, aandike nyingine mbele yao.

Wengine watasema hospitali ni pesa. Ni kweli, na nyumbani tuliuza mbuzi. Lakini mahali pa kuanzia pa kuuliza hapalipishwi. NACADA, shirika la serikali linaloshughulikia mambo haya, lina nambari ya simu ya bure, nayo ni 1192. Mngalituuliza sisi tarehe 1 Januari kama twaijua nambari hiyo, hakuna angalijibu.

Wengine nao watasema maombi yanatosha. Nyanya yangu ndiye mwombaji hodari kuliko wote niwajuao, na hajaacha kuomba. Lakini siku hizi husema Mungu alimjibu alfajiri ile kwa kumtuma kijana wa teksi.

Na mjomba je? Septemba mwaka jana alirudi hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, kabla ya kuacha na wala si baada ya kuanguka. Alipewa dawa za juma moja na siku ya kurudi kwa mshauri. Mshauri huyo ndiye aliyemuuliza, "Na sigara lini?" Mjomba alipojibu "baadaye", alipewa kalamu. Aliandika tarehe 1 Machi mwaka huu. Tarehe hiyo ilipofika alishindwa siku ya nne. Hatukumtukana. Alifuta, akaandika 1 Agosti, kwenye kalenda ile ile iliyo nyuma ya mlango wa jikoni. Mpaka ninapoandika haya hajaonja pombe tangu Septemba ile, na ana wiki saba bila sigara. Anatafuna miwa kutwa, na anakasirika hata kuku wakilia. Sithubutu kusema ameshinda. Nasema anashika mwiko bila kutetemeka, na asubuhi anakunywa chai kwanza.

Wapinzani wangu wa siku ile, nawaomba radhi. Hamkuwa na haki yote, lakini mlikuwa na sehemu ambayo mimi niliijua nikaikalia kimya kwa ajili ya makofi. Mlezi wa chama akiturudishia hoja hii mwaka ujao, naomba irekebishwe hivi: "Mraibu aache zote mbili, na asiache peke yake." Nitakuwa Kidato cha Nne wakati huo. Nitaiunga mkono tena, na mara hii nitasema yote.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu